Mkalimani wa Shamba la Vanila

Aliyenitangulia pale shambani aliacha maoni ya mstari mmoja kwenye mtandao: "Chakula kizuri, kitanda kizuri, ila njoo na masikio zaidi kuliko mikono." Wenzangu niliokuwa nikikutana nao njiani waliusoma mstari ule wakaupita, wakaenda zao mashamba ya ufukweni ambako watu hupalilia asubuhi na kuogelea mchana. Mimi sikuweza. Ukiniwekea fumbo la namna hiyo, hata kama ni shamba la upupu, nitakwenda.

Niseme mapema kwamba mimi ni mdadisi, ingawa ndugu zangu wana neno baya zaidi la kuniita. Kabla ya safari ile kazi yangu ilikuwa kupokea simu za wateja wenye hasira. Miaka nenda rudi nimekaa na kidude sikioni, mtu ananifokea, nami nampelekea msimamizi maneno yaleyale yakiwa yameshaoshwa na kupigwa pasi. Nilipochoka nikaomba likizo bila malipo, nikanunua begi la mgongoni lenye mikanda kila mahali, nikaanza kukizunguka kisiwa. Mpango ni rahisi: unafanya kazi nusu siku kwenye shamba la mtu, yeye anakupa chakula na pa kulala, na mkichokana unabeba begi lako unasonga mbele. Nilishakaa kwa wafuga mbuzi. Nilishakaa kwa wakulima wa vitunguu, ambako machozi yalinitoka hata siku nilizokuwa na raha. Shamba la vanila sikuwahi kuliona.

Nilifika wakati wa chakula cha mchana. Nyumba ilikuwa ya matofali, imepakwa chokaa, na kibaraza chake kirefu kilipangwa meza za mbao za kuanikia. Mama mwenye nyumba alinipokonya begi kabla sijamaliza shikamoo. Alikuwa mfupi, mwepesi wa mikono, amejitanda shali ya bluu yenye shada za nyuzi pembeni, na goti moja lilikuwa linamsumbua. Mume wake alitoka shambani, mzee mrefu mwenye kofia ya majani iliyochanika ukingo, akanawa, akanipa mkono, akaniuliza habari za njia. Watu wakarimu kabisa. Nikajiuliza huyo mwenzangu alikuwa analalamikia nini.

Tukakaa mezani watatu, mimi katikati. Mzee akaonja, akaweka kijiko chini.

"Mwambie mwenye jiko chumvi imepungua."

Nikageuka nyuma nikidhani kuna mpishi. Hapakuwa na mtu. Mama alikuwa amekaa kushoto kwangu, anamsikia mumewe hadi anavyotafuna.

"Mwambie mwenye shamba," mama akasema, akinitazama mimi kwa upole kabisa, "chumvi iko mbele yake. Kama haioni, apapase."

Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami. Wote wawili walikuwa wananitazama wakisubiri nifanye kazi iliyonileta.

"Mama anasema chumvi iko mbele yako, baba," nikasema. Lile la kupapasa nikalimeza.

"Mwambie asante."

"Anasema asante, mama."

"Nimesikia."

Basi ndivyo nilivyoajiriwa. Kuanzia mlo ule nikawa mkalimani wa Kiswahili kwenda Kiswahili. Mwambie mlango wa banda haufungi. Mwambie aufunge vizuri. Mwambie mvua inakuja. Mwambie ameiona. Baadaye nikaja kujua kwamba kabla ya kuanza kupokea wageni, maneno yao yalikuwa yanapitia kwa mbwa. Mbwa mwenyewe alizoea mpaka akisikia "mwambie" anainuka, anatikisa mkia, anakwenda upande wa pili wa chumba. Nilipokuja mimi akapumzika, na naapa alikuwa ananiangalia kwa huruma.

Shambani ndiko nilikopenda. Mivanila imepanda juu ya miti ya kuegemea, inajizungusha, inashuka, inapanda tena, majani yake manene kama ngozi ya mkanda. Maua hutoka kwenye shada, kila shada lina vitumba vingi, na kila asubuhi kinafunguka kimoja, pengine viwili. Ua likifunguka ndio siku yake hiyohiyo. Jua likifika utosini limeshasinyaa, na kama halijachavushwa linadondoka, hupati kitu.

"Sisi tunaita kuozesha," mzee aliniambia asubuhi ya kwanza. Alikuwa ameshika mwiba wa mlimau. "Bwana harusi yumo humuhumu ndani ya ua, bibi harusi naye yumo. Chumba kimoja. Ila katikati yao kuna pazia, na hakuna hata mmoja anayelifunua."

"Kwa nini?"

"Wameumbwa hivyo."

"Na nyuki je?"

"Nyuki wa hapa hawaliwezi."

"Kwa hiyo wanakaa tu humo ndani wanangoja?"

"Wanangoja mpaka saa sita, halafu wanakufa," akasema mzee. "Wewe maswali yako yanaishia wapi, binti?"

Akanionyesha. Unapasua kidogo upande wa ua, unainua pazia kwa ncha ya mwiba, unakandamiza kwa dole gumba, basi, ndoa imefungwa. Yeye aliinamisha uso mpaka pua ikagusa ua, na mara nyingi niliona vidole vyake vinafika kabla ya macho. Nilimwambia pale mwisho wa mstari kuna ua ameliruka. Akasema ameliacha makusudi. Nilijua si kweli, ila nilikuwa mgeni. Toka siku ile akaniita Maswali, na jina likanikaa.

"Baba, tunaozesha yote? Shada zima?"

"Wewe ozesha. Kupunguza kuna mwenye kazi yake."

Sikuuliza ni nani. Ajabu, katika maswali yangu yote, hilo moja nikaliruka.

Nilichokuwa nakihangaikia ni kimya chao. Kilikuwa kinaniwasha. Nilikwenda kwa mama, nikakaa naye jikoni nikimenya viazi, nikamchimba kidogokidogo, kwa utaratibu, jinsi nilivyokuwa nawafanya wateja waseme shida yao halisi. Hakunisumbua sana. Nadhani alikuwa na hamu ya kulitoa.

"Msimu uliopita alikuja mnunuzi," akasema. "Tumekaa pale kibarazani, tunachambua maganda ya vanila. Mwenye shamba anachanganya, marefu na mafupi, mazima na yaliyopasuka. Mnunuzi anaona, mimi naona. Nikasema, mume wangu macho yamekwisha, nipe mimi nichambue. Sikusema kwa ubaya."

"Naye akasemaje?"

"Akasema, kama sioni, basi na wewe sikuoni. Akainuka." Mama akatupa ganda la kiazi kwenye ndoo. "Nikasema sawa. Mtu asiyeniona asinisikie pia."

"Na mpaka leo?"

"Si unaona mwenyewe?"

Nilikuwa nacheka moyoni, nasema hawa wazee ni watoto wawili wamenuniana. Cheko likaniisha mama alipojifuta mikono, akaingia chumbani, akarudi na furushi lililofungwa ndani ya shali ile ya bluu. Binti yao mkubwa aliishi mjini, upande wa pili wa kisiwa, na mama alijua nitapita huko.

"Ukiondoka utanibebea hizi nguo, umpe mwanangu. Mimi nitafuata. Na mwenye shamba mwambie. Maua yakiisha, nakwenda kwa binti yangu. Sio kutembea. Kukaa."

"Mama, hilo jamani mwambie mwenyewe."

"Niseme na nani?"

Nikabaki nimeshika kisu na kiazi. Nimeshapeleka maneno mengi mazito maishani mwangu, nimewaambia watu laini zao zimefungwa, mizigo yao imepotea, lakini lile lilinitia woga wa kweli. Nilijaribu kuliosha, nikakosa sabuni. Ukilitoa ukali hakibaki kitu.

Nilimwambia mzee kesho yake asubuhi, tukiwa kwenye mstari wa katikati. Alikuwa ameinua mwiba.

"Baba, mama anasema maua yakiisha anakwenda kwa binti yenu. Kukaa."

Mwiba ukasimama. Akautoa kwenye ua, akauangalia, akaurudisha, ukakosa, akaurudisha tena, ukakosa.

"Mwambie sawa."

"Sawa tu?"

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Mwambie asiende!"

"Anayetaka kwenda hazuiwi, Maswali." Akahamia kwenye shada lililofuata. Nilidhani amemaliza. Kumbe alikuwa anapapasa vitumba ambavyo havijafunguka, kimoja baada ya kingine, kutoka chini hadi ncha, midomo ikicheza. "Alisema maua yakiisha?"

"Ndiyo, baba."

Akarudi kwenye kuozesha. Mimi nilikasirika hadi nikashindwa kula. Niliwakasirikia wote wawili kwa usawa, na mbwa pia kidogo, kwa kuwa alikuwa anajua mapema asiniambie.

Kitu kingine kilikuwa kinanisumbua macho. Mivanila ya mstari wa juu ilikuwa inageuka manjano. Majani yamelegea, mengine yamekunjamana, na mimea miwili mitatu ilikuwa imeshakufa kabisa, imebaki kamba kavu kwenye miti yake. Nilimuuliza mama, akasema anayeyaona maua kwa kuyachoma na mwiba kama kipofu ndiye wa kuulizwa. Nilimuuliza mzee, akasema labda mwenye kazi ya kupunguza amechoka. Kila mmoja ananirusha kwa mwenzake, mimi ni mpira.

Jibu nililipata kwa jirani, fundi seremala aliyekuwa na karakana yake ng'ambo ya barabara, ambako nilikwenda kuomba msumari wa kurekebisha mlango wa banda. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Nilimwuliza kuhusu majirani zake, kwa sababu siwezi kuingia mahali nisiulize.

"Tunawakosa," akasema. "Zamani msimu wa maua mimi sikuhitaji saa. Nikisikia 'Kata!' najua kumekucha."

"Kata nini?"

"Mzee akitangulia, mama nyuma yake. Mzee anaozesha. Shada likifikisha maua yanayotosha, anapiga kelele, 'Kata!' Mama anavunja vile vitumba vilivyobaki kule nchani, anajibu, 'Nimekata!' Mpaka saa sita mchana, kata, nimekata, kata, nimekata. Mke wangu alikuwa anawacheka." Akapuliza unga wa mbao. "Msimu uliopita wakaanza vizuri, halafu kimya. Na msimu huu sijasikia hata mara moja."

"Na wasipokata?"

"Mvanila utabeba kila kitu unachopewa. Unabeba, unabeba, mpaka unajimaliza. Hata mimi seremala najua hilo."

Nilisahau msumari. Nilivuka barabara nakimbia. Kumbe ndiyo hivyo! Mzee anaozesha kila kinachofunguka akiamini kuna mtu anapita nyuma yake jioni kupunguza, na kwa macho yale hana namna ya kuona kwamba hakuna. Mama anakaa jikoni anangoja kuitwa, huku akidhani mzee ameshaamua kukata mwenyewe. Na mimi, mkono wa tatu, naozesha kwa bidii, naongeza mzigo. Hakuna ugonjwa wowote kwenye mimea ile. Ilikuwa inakufa kwa kukosa neno moja la kupigiwa kelele.

Nilimwendea mama kwanza, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akashika kiuno.

"Mwambie hajaniita."

"Mama, mimea inakufa!"

"Kazi ile inafanywa na anayeitwa. Hajaniita."

Nikaenda kwa mzee. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na pipa la maji, anasafisha mwiba wake kwa kitambaa. Nikamweleza yote: kwamba hakuna anayepunguza, kwamba hakuna aliyepunguza tangu mwaka jana, kwamba mama anangoja aitwe. Nilitegemea ashtuke. Aligeuza uso upande wa mistari ya vanila.

"Kwa hiyo vitumba vyote bado vipo," akasema.

"Vyote, baba. Hata kimoja hakijakatwa."

"Basi viache."

"Viachwe?"

"Umesikia, Maswali. Viache."

Jamani. Mkulima wa umri ule, aliyeyalea mashina yale kwa mikono yake, anaambiwa sababu ya kufa kwa mimea yake na anasema viache. Nililiona jambo hilo halina kichwa wala miguu. Nililigeuza jioni nzima nikiosha vyombo. Mwisho nikafikia uamuzi wa mtu aliyechoka: ukalimani basi. Wakati wa kunywa chai asubuhi, mzee aliposema "Mwambie," nikainua mkono.

"Baba, mama, nawaheshimu sana. Ila mimi nilikuja kufanya kazi ya shamba. Kuanzia leo simwambii mtu kitu."

Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia kucha za mbwa zikigonga sakafu, anainuka kwa unyonge kurudi kazini.

Nilikwenda moja kwa moja mstari wa juu, ule wa manjano. Nilisema nitakata mwenyewe, kwani kuna nini? Mzee alikuwa mstari unaofuata, anaozesha bila kunisemesha. Nikashika shada la kwanza, nikatafuta ncha, nikavunja. Nilikuwa na hasira, na hasira haina vidole. Badala ya vitumba vya nchani, shada zima likachomoka kwenye shina, na maganda machanga yaliyokuwa yameshashika yakaja nalo mkononi. Lilitoa mlio wa kitu kibichi kinachovunjika.

"Usikate!" mzee akapiga kelele.

Sikuwahi kumsikia na sauti ile. Alikuja akipita katikati ya mimea, mkono mbele, kofia ikanasa kwenye tawi ikabaki huko. "Nimekwambia viache! Nani amekwambia ukate?"

"Vitakufa, baba!"

"Na vife!"

Mama alitokea kutoka upande wa jikoni, anachechemea, mwiko bado mkononi. Aliona shada kwenye kiganja changu, akaona mstari mzima wa manjano, na nadhani ndiyo kwanza alikuwa anausogelea tangu mwaka jana, maana uso wake ulibadilika.

"Mungu wangu," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwambie huyu mtu..."

"Simwambii," nikasema.

"Mwambie anaua shamba! Mwambie vitumba hivi vingekatwa mapema! Mwambie..."

"Nikikata yataisha," mzee akasema.

Hakuniambia mimi. Alikuwa ameelekeza uso kule sauti ya mama ilikotoka.

"Maua yataisha upesi," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Yakiisha, wewe si unaondoka?"

Mimi nilijisogeza nyuma mpaka mgongo ukagusa mti. Mwiko wa mama ulikuwa unadondosha uji kwenye majani.

"Kwa hiyo unaua mimea yote hii," mama akasema, "ili mimi nichelewe kuondoka?"

"Mimea itapandwa mingine."

"Wewe mwanamume una kichaa!"

"Labda."

"Msimu mzima unanisemesha kwa mbwa! Kwa mbwa! Leo ndiyo unasema haya, mbele ya mgeni?"

"Na wewe uliyasema ya macho yangu mbele ya mgeni."

"Nilisema kweli!"

"Ndiyo ulisema kweli!" mzee akafoka. "Sioni! Ua nalijua kwa kunusa! Jana nimemsalimia mti! Haya, umefurahi?"

"Sijafurahi," mama akasema. "Sijafurahi hata kidogo."

Wakagombana tena, bwana, kwa nguvu zote, mambo ya mlango wa banda, mambo ya chumvi, mambo ya mkwe fulani ambaye sikumjua, na mimi nimesimama pale na shada langu lililovunjika nikiwa na raha ya ajabu, kwa sababu hakuna hata neno moja lililopita kwangu. Ng'ambo ya barabara, randa ya fundi seremala ilikuwa imenyamaza.

Mwishowe mama alichomeka mwiko kwenye mshipi wa gauni, akanyoosha mkono.

"Lete huo mwiba."

"Wa nini?"

"Lete. Mimi nitatangulia. Wewe utakaa nyuma."

"Nyuma nifanye nini, na sioni?"

"Papasa," mama akasema.

Akainua pazia la ua la kwanza, akakandamiza, akaenda la pili. Mikono ile ilikuwa haijasahau. Aliyapitia maganda machanga ya shada lile kwa macho, akaona yametosha, akavuta pumzi.

"Kata!"

Mzee alisogea, akalishika shada kwa vidole viwili, akapanda nalo polepole hadi nchani, akavunja vitumba vilivyobaki. Vilitoka safi, kwa mlio mdogo tu. Alivishika kiganjani kidogo kabla ya kuvitupa. Nilijua anachokitupa, na mama alijua.

"Nimekata," akasema.

Kutoka siku ile maua yalipungua haraka, kama mzee alivyosema yatapungua. Kila asubuhi nilisikia sauti zao toka mstari mmoja hadi mwingine, na kila asubuhi mashada yaliyobaki yalikuwa machache zaidi. Mezani walisemeshana wenyewe, ingawa kwa kununa: lete chumvi, chukua chumvi. Mbwa alilala. Lakini la kuondoka hakuna aliyeligusa, na furushi la shali ya bluu lilikuwa palepale juu ya kiti chumbani kwangu. Nilimwuliza mama mara moja kama bado nilibebe. Akasema, "Si nilishakwambia?" Sikupata ujasiri wa kuuliza mara ya pili, mimi, Maswali.

Siku ua la mwisho lilipoozeshwa, nikafunga begi. Furushi nikalifunga juu yake kwa mikanda miwili. Mama alinipa mkate na chupa ya maji, akanikumbatia, akasimama pale mlangoni amekunja mikono. Mzee akasema atanisindikiza mpaka getini na begi atalibeba yeye. Nilimkatalia, akakataa kukataliwa.

Akainama, akapapasa kutafuta mikanda ya kubebea. Vidole vyake vikagusa turubai, vikapanda, vikagusa shali. Vikasimama. Akazishika nyuzi za pembeni, shada moja, shada la pili, akazipitisha kati ya kidole na dole gumba vilevile alivyokuwa akishika vitumba. Nikamwangalia mama. Mama alikuwa anatazama vidole vile, na hakuikunjua mikono yake.

Nilikuwa na uhakika atasema "Mwambie." Kwa kweli nilishafungua kinywa kumwokoa.

Mzee akafungua mkanda wa kwanza, akafungua wa pili. Akanyanyuka na furushi kifuani, akageuka, akaelekeza uso mlangoni, kidogo pembeni ya pale mama aliposimama.

"Mke wangu," akasema. "Hili liende, au nilirudishe ndani?"

Mama alitazama shamba, akatazama barabara, akanitazama mimi, nami nikatazama viatu vyangu maana halikuwa swali langu.

"Lirudishe," akasema. "Nguo zenyewe hazikukauka vizuri."

Nguo zile zilikuwa zimekauka tangu siku nyingi. Mzee alipapasa ngazi ya kibaraza kwa mguu, na mama akamshika kiwiko, wakaingia nalo ndani. Nikabeba begi langu mwenyewe mpaka getini, na lilikuwa jepesi.